Jina Nililolikata Nikasahau Kulibandika

Wadogo zangu, juzi mwalimu wenu aliponiingiza darasani na kusema, "Huyu ni mstaafu wa kazi ya kuchapa," mlisimama wote mkaniamkia shikamoo kwa sauti moja. Nikaitikia marahaba, ningefanyaje? Kule nyuma kijana mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Mstaafu mbona hana mvi?" Nilikusikia, mdogo wangu. Nina miaka thelathini na mbili, na mvi nitazileta zikiota.

Nimestaafu kweli, ila si kwa umri. Mkono wangu wa kulia ulianza kufa ganzi kwa ajili ya kibodi, daktari akasema niupumzishe, nikarudi nyumbani hapa Handeni. Siku hizi naotesha miche ya michungwa nyuma ya nyumba ya mama. Nikiimwagilia huwa naota kwamba siku moja, kuanzia hapa mpaka Korogwe, kila nyumba itakuwa na mchungwa uliopita mikononi mwangu. Mama anasema niache kuota, nimwagilie. Nafanya vyote viwili.

Lakini kabla ya miche nilikaa miaka kumi na moja kwenye steshenari moja ndogo ya Korogwe mjini, karibu na stendi. Mwalimu wenu ameniomba niwaandikie kuhusu maneno ya msingi ya kazi ile. Maana zake ameshawaandikia ubaoni, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Mimi nitawaambia tu nilivyokutana na hayo maneno, na hasa neno moja lililonipandisha mlima hadi Bungu nikiwa nalia juu ya bodaboda.

Aliyenifundisha aliitwa Mama Hoza. Ndiye mwenye steshenari. Alikuwa mama wa Kisambaa, mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi, na hakuwahi kunipandishia sauti hata siku moja. Siku ya kwanza alinikalisha mbele ya ukurasa mweupe, na pale juu kushoto kulikuwa na kale kamstari kanakopepesa. Mtakaita kasa. Mimi nilikaona kama mtu anayegongagonga kidole mezani kwa kukosa subira. Jasho likanitoka.

"Mama, kananiharakisha," nikasema.

"Hakana haraka hako," akajibu. "Kanakuuliza tu, neno linalofuata liingie wapi? Ukikaa hata mwaka kenyewe kapo."

Hadi leo nikiona kasa inapepesa natulia. Asante, Mama Hoza, kwa hilo.

Kuhifadhi, yaani kusevu, nilijifunza haraka. Kuipa faili jina ndiko kulikonitesa. Mimi nilikuwa naziita faili kwa sura za wateja. "Baba wa Magoma mwenye baiskeli." "Mama wa kanga ya kijani." Niliona nimepata akili kubwa sana. Kesho yake mama akarudi kuchukua barua yake, amevaa kanga nyekundu. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba barua yake haipo. Akasema, "Haipo vipi, na mimi jana nilikaa kwenye kiti hikihiki?" Tukatafuta, tukatafuta, mpaka Mama Hoza akamuuliza, "Mama, jana ulivaa nini?" Yule mama akadhani tumerukwa na akili. Tangu siku ile nikawa naandika jina la mtu, anakotoka, na barua inahusu nini. Nanyi fanyeni hivyo.

Kukoleza maandishi, ambako wenyewe mnaita kuweka boldi, nilifundishwa na mzee mmoja wa Hale. Alikuja na barua ya kumshtaki jirani yake kwa mwenyekiti wa kitongoji, mbuzi wamemlia mahindi. Akataka barua yote ikolezwe, mwanzo mpaka mwisho, na herufi ziwe kubwa kama za bango.

"Mzee wangu," Mama Hoza akamwambia, "ukipiga kelele kwenye kila neno, mwenyekiti atajuaje neno gani ndilo linalokuuma?"

Mzee akafikiri, akakuna kidevu. "Basi koleza mbuzi tu."

Tukakoleza mbuzi. Walikuwa kumi na wanne ndani ya ukurasa mmoja. Sijui kesi iliishaje, lakini mbuzi wale walionekana hata ukiwa upande wa pili wa barabara.

Nacheka peke yangu hapa. Sasa niwaambie la Bungu.

Pale steshenari tulikuwa na utaratibu ambao Mama Hoza hakuruhusu urukwe. Mteja akileta maandishi ya mkono, ukishachapa, unamsomea kwa sauti kutoka kwenye skrini, naye anashika kalamu na kutia vema kwenye karatasi yake, neno kwa neno, jina kwa jina. Asiyejua kusoma unamsomea mara mbili. Baada ya hapo ndipo printa inaruhusiwa kunguruma. Wateja wengine walikuwa wanatucheka: "Nyie mnachapa au mnasalisha?" Mama Hoza anajibu, "Vyote."

Asubuhi moja ya mvua akaja kaka mmoja anaitwa Samweli, mtoto wa kwanza wa mzee aliyefariki kule Bungu. Macho mekundu, viatu vimejaa tope. Alileta wasifu wa marehemu, ule unaosomwa mbele za watu siku ya maziko. Alizaliwa wapi, alisoma wapi, alilima nini, aliugua nini. Mwishoni ndipo yanakuja majina ya watoto alioacha. Kwao, jina la mtoto likisomwa anasimama waombolezaji wamwone. Na orodha ileile ndiyo inayotumika kuwaita kuweka mashada ya maua kaburini. Maziko yalikuwa siku hiyohiyo saa nane mchana.

Majina yalikuwa sita, yameandikwa kwa mkono wa haraka. La mwisho lilikuwa Penina. Samweli akaliangalia, kisha akachukua kalamu yangu akachora mshale kutoka lile jina la chini, ukapanda pembeni mwa karatasi, ukaingia katikati ya Martha na Elisha, nafasi ya tatu.

"Dada, huyu muweke hapa," akasema. "Hapa ndipo umri wake ulipo."

Nikamwambia hakuna shida. Akaendelea kuongea, labda kwa kuwa alikuwa hajalala. "Huyu baba hakumzaa. Ni mtoto wa marehemu baba mkubwa. Baba alimchukua ana miaka miwili. Jana kwenye kikao cha ukoo baba mdogo alisema watoto wa kuzaa waandikwe kwanza, yeye afuate chini. Nami kwa uchovu nikaandika hivyo. Lakini njiani nimekataa. Ndiye aliyemuuguza mzee miaka mitatu. Hawezi kukaa chini kama kiraka."

Mpaka hapo nilikuwa nimeshachapa majina yote sita kama yalivyoandikwa, Penina mwishoni. Kulihamisha ni kazi ya kufumba na kufumbua. Unaliteua jina, unalikata, unapeleka kasa pale unapotaka, unabandika. Kukata na kupesti, mnavyosema. Nikaliteua. Nikakata. Jina likatoweka, kama inavyotakiwa.

Wakati huohuo mwalimu mmoja aliyekuwa kwenye foleni akaniinamia. "Binti, samahani, gari langu linaondoka. Nikopie hii aya tu kwenye barua ya pili, ni sekunde." Nikamwonea huruma. Nikafungua barua yake, nikanakili aya, nikaibandika. Akashukuru, akakimbia.

Wadogo zangu, shikeni hili hata mkisahau mengine yote. Ukikata neno, kompyuta inalishika mkononi, na kwa kawaida mkono wake ni mmoja. Ukiipa kitu kingine cha kushika kabla hujabandika kile cha kwanza, cha kwanza kinadondoka. Haikwambii kimedondoka. Wala hakuna sauti.

Nikarudi kwenye wasifu. Orodha ilikuwa imepangwa kwa zile namba zinazojiandika zenyewe, moja, mbili, tatu. Namba hizo jina likitoka hazikuachii pengo. Zinasogeleana, zinajipanga upya, zinakaa safi kama kwamba hapajawahi kuwa na mtu mwingine. Nikaona moja mpaka tano zimepangika vizuri, nikaridhika. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, mvua inapiga bati, Samweli anatazama saa. Nikasema moyoni, leo tusimsumbue mfiwa kwa kumsomea. Nikaprinti, nikatoa nakala hamsini, nikazitia kwenye bahasha ya kaki, nikampa pole. Akapanda pikipiki akaondoka.

Hiyo huruma yangu ndiyo ilikuwa kosa la pili.

Kama saa tano hivi foleni ilipungua. Nikainua kibodi nifute vumbi, chini yake nikaikuta karatasi ya Samweli. Nikauona ule mshale. Nikaufuata kwa kidole, kutoka chini mpaka juu, nikageukia skrini. Martha. Elisha. Katikati yao hakuna mtu.

"Mama Hoza," nikasema, "nimemtoa mtoto wa watu."

Akaja akasoma karatasi, akasoma skrini, nami nikamsimulia aliyosema Samweli. Akavua miwani. "Namba yake ya simu unayo?"

Tulipiga mara nne. Haipatikani.

"Haya," akasema, "yeye hapatikani, miguu yako inapatikana. Rekebisha, utoe nakala, uende."

"Nimpe dereva wa bodaboda apeleke, mama? Mimi nikifika pale nitasema nini? Nimevaa ushungi, siwajui, ni msiba wa Kikristo, watu wanalia…"

Nakumbuka alivyonitazama. Wala hakukasirika. "Karatasi itasema jina, Zaina. Haitasema kosa ni la nani. Jana wamegombana juu ya jina hilohilo kwenye kikao, si umesema? Leo likisomwa halipo, kila mmoja ataangalia mwenzake."

Nikachapa PENINA nafasi ya tatu. Nikamsomea Mama Hoza kwa sauti, yeye akatia vema kwenye ile karatasi ya mkono, jina kwa jina, kana kwamba ndiye mfiwa. Nikaprinti, nikatia nakala na ile ya mkono kwenye bahasha. Kisha Mama Hoza akavua koti lake la mvua akanivalisha. Lilinifika magotini tu. Tulicheka kidogo, hata siku ile.

Njia ya kupanda Bungu ikinyesha mnaijua au mtakuja kuijua. Tope jekundu, kona juu ya kona, mahindi na maharage yameshikilia mlima kwa kucha. Mara mbili nilishuka nikasukuma. Dereva, kijana anaitwa Shabani, alikuwa ananiuliza, "Dada, kwani umefiwa na nani wako?" Nikamwambia atazame njia. Bahasha nilikuwa nimeifunga kifuani ndani ya koti. Nilikuwa nawaza kile kitufe cha kutendua, kile cha kurudisha ulichoharibu, kontroli na Z. Pale ofisini nilikuwa nakibonyeza mara mia kwa siku.

Tulifika saa nane imepita kidogo. Turubai limefungwa uani, kwaya imemaliza kuimba, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Pembeni palikuwa na mama anamenya viazi. Nikamwamkia kwa Kizigua, akanijibu kwa Kisambaa, tukaelewana. Nikamuuliza wasifu umeshasomwa?

"Umesomwa sasa hivi," akasema, akapunguza sauti. "Wamemtoa yule binti. Baba yao mdogo ndiye aliyesoma. Martha aliposimama, binti akajua anayefuata ni yeye, akaanza kunyanyuka. Likasomwa jina la Elisha. Akabaki hivi, nusunusu." Akauinua mwili kidogo kutoka kwenye kigoda, kisha akaushusha taratibu. "Akakaa. Wala hakulia."

Nikamwona Penina bila kuonyeshwa. Alikuwa mstari wa mbele, mwishoni kabisa, ameiangalia mikono yake. Samweli amekaa taya limekaza, anamkazia macho baba yake mdogo. Na baba mdogo, mzee mrefu mwenye koti la kahawia, amesimama na kipaza sauti, naye anamwangalia Samweli vilevile. Kila mmoja anadhani ni mwenzake. Mbele ya jeneza hawawezi kuulizana. Na mzee alikuwa ameshairudia orodha ileile aanze kuita wa mashada.

Nikapita katikati ya watu na koti langu linalodondosha maji. Nikapiga goti kando ya Samweli. "Kaka, mimi ni yule wa steshenari. Jina la Penina nililikata nilisogeze pale uliponionyesha, nikasahau kulirudisha. Limepotelea kwangu. Hili hapa."

Akaisoma karatasi mpaka jina la tatu. Nilidhani atanitukana, na ningestahili. Akasimama, akamnong'oneza baba yake mdogo, kisha akachukua kipaza sauti akanipa mimi. "Sema mwenyewe, dada. Nikisema mimi hawataamini."

Sikuwahi kushika kipaza sauti maishani. Nikasema, "Poleni na msiba. Mimi ndiye niliyechapa wasifu. Jina la mtoto wa tatu, Penina, niliandikiwa, na kaka Samweli alichora mshale kwa mkono wake nimweke baada ya Martha. Baba mdogo hakulifuta. Kaka hakulifuta. Ni mimi, kwa haraka zangu. Naomba mnisamehe."

Kikongwe mmoja akauliza kwa nguvu, "Nani huyo?"

"Mchapaji, bibi. Wa Korogwe."

"Amepanda mlima wote huu kwa ajili ya jina moja?"

"Ndiyo, bibi."

"Haya, si lisomwe basi, tunangoja nini?"

Watu wakaguna kicheko kile cha msibani kinachoishia puani. Baba mdogo akachukua karatasi mpya, akavaa miwani yake, akakohoa. Nilidhani atasoma jina moja tu lililobaki. Akaanza upya tangu juu. Wa kwanza, Samweli. Samweli akasimama tena. Wa pili, Martha. Martha akasimama tena. Wa tatu, Penina.

Hakusimama. Alikuwa bado anaangalia mikono yake. Nadhani alikuwa anaogopa kunyanyuka mara ya pili.

Yule mzee akashusha karatasi. "Penina, mwanangu," akasema, "simama watu wakuone."

Ndipo akasimama, na ndipo akalia. Naye baba mdogo akangoja mpaka alipomaliza kabla ya kusoma jina la nne.

Niliwekewa chakula, nikalazimishwa kula. Wakati najiandaa kushuka, Penina alinifuata kwenye bodaboda. Nikampa nakala safi, iliyochapwa vizuri, jina lake mahali pake. Akaipokea, akashukuru, lakini macho yake yalikuwa kwenye ile ya mkono, ile chafu, yenye tope na vema za Mama Hoza. Akaufuata mshale wa kaka yake kwa kidole, kutoka chini mpaka juu.

"Hii niachie," akasema.

Nilirudi Korogwe jioni nimelowa. Mama Hoza alikuwa hajafunga. Kanuni yake nyingine ilikuwa kwamba karatasi ya mteja haitoki dukani bila kujulikana imekwenda wapi. Akanipa chai kwanza, kisha akauliza, "Na ile ya mkono iko wapi?"

"Amebaki nayo Penina."

Akanywa chai yake, akaitikia kwa kichwa. "Basi ipo mahali pake."

Hakunikata mshahara, hakunisimulia kwa wateja, hakunikumbusha tena. Kesho yake akaniita kama kawaida: "Zaina, njoo umsomee huyu mzee barua yake." Nikamsomea. Na miaka yote iliyobaki niliwasomea wote, mvua inyeshe, foleni ifike barabarani, na waliotaka kucheka walicheka.

Siku naondoka kazini nilishukuru watu wengi: yule mama wa kanga, mzee wa mbuzi, Shabani wa bodaboda, kikongwe aliyesema lisomwe. Mwalimu wa ile aya pia namshukuru, ingawa hajui alichofanya. Mama Hoza nilishindwa kumshukuru, kwa hiyo nimemwandikia hapa. Najua mtamfikishia, maana mmoja wenu ameniambia anaenda kuanza kazi kwake mwezi ujao. Ukifika, mdogo wangu, mwamkie vizuri. Atakupa kalamu. Usiulize ya nini, mpe mteja.